Kibali cha mwenye kanda si malipo ya mpiga gita

Mwaka 2003 Blue Note, kampuni ya Marekani ya kurekodi jazi iliyoanzishwa mwaka 1939, ilimfungulia ghala la kanda zake Madlib, prodyuza wa hip hop kutoka Oxnard, California. Alichotoka nacho ni albamu ya Shades of Blue, ambayo sehemu yake kubwa imejengwa kwa vipande vya rekodi za akina Donald Byrd, Bobby Hutcherson na Ronnie Foster, vilivyokatwa, vikazungushwa upya na kuwekewa mdundo mzito wa hip hop. Rafiki yangu mmoja anayetengeneza biti hapa Tabora haimtoki masikioni, na kila tukiisikiliza pamoja hoja yake ni ileile: kama wenzetu wamefanya hivyo kwa jazi yao, kwa nini sisi tusizikate kanda za bendi zetu za zamani za hapa Tabora, yaani Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz?

Hoja yake ina uzito. Kipande kilichochaguliwa vizuri humfanya msikilizaji aliyezaliwa juzi atake kujua kilikotoka, na muziki uliokuwa umelala kabatini hupata masikio mapya. Wimbo wa Ronnie Foster wa mwaka 1972, ambao Madlib aliutumia katika albamu hiyo, ulikuwa umekwisha kutumiwa na kundi la A Tribe Called Quest mwaka 1993, na wapo wapenzi wengi wa hip hop ambao wasingewahi kulisikia jina la mpiga kinanda huyo kama si hao. Wala si kweli kwamba kukata ni kazi ya mvivu asiyejua ala. Baadhi ya nyimbo za Shades of Blue hazina kipande cha mtu hata kimoja: Madlib alizipiga ala mwenyewe, moja baada ya nyingine, kisha akaziandika kwa majina ya bendi za kubuni, kana kwamba palikuwa na wanamuziki watano chumbani. Kwangu nyimbo hizo ndizo kiungo cha albamu nzima, kwa sababu zinaonyesha kwamba mkataji huyu anakijua anachokikata.

Upande wa pili niliupata kwa mzee jirani yangu, ambaye ujana wake ulipita kwenye madansi ya mji huu. Nilimpigia albamu hiyo, akasikiliza kwa adabu dakika kama nne, kisha akauliza, "Sasa wimbo wenyewe unaanza lini?" Nilicheka, lakini swali lake si la kubezwa. Neno jazi katika majina ya bendi zetu halikuwa na maana ya jazi ya New York. Lilimaanisha bendi ya dansi yenye magita, tumba na saksafoni, inayopiga rumba. Wimbo wa dansi huenda kwa hatua, kwani mwimbaji kwanza anakueleza kisa chake taratibu, magita ya solo na rithimu yakimjibu, na chemko, yaani sehemu ya kuchangamka na kucheza, huja baadaye, wakati kisa kimekwisha kukuingia. Ukichukua chemko peke yake na kuizungusha kwa dakika tatu, umechukua furaha na kuacha sababu yake.

Ugumu unazidi ukigusa sauti ya mwimbaji. Vipande vingi vya Madlib ni vya ala, na ala haiapi wala haiahidi. Kiswahili kinabeba kukanusha kwake mwanzoni mwa neno: mkasi ukiondoa silabi ya kwanza ya "sitarudi", kinachobaki sikioni ni "tarudi", na msichana aliyekuwa anaaga kwa hasira anageuka kuwa anaahidi kurejea. Prodyuza anaweza kusema huo ndio ubunifu, naye hatakuwa amekosea kabisa, lakini mtunzi aliyeimba kisa hicho ana haki ya kuulizwa kabla maneno yake hayajageuzwa.

Hapo tunafika kwenye fedha, na ndipo ninapotofautiana na rafiki yangu. Yeye anaona jambo limekwisha mtu akiomba kibali, kama Madlib alivyopewa kibali na Blue Note. Tangu mahakama ya New York ilipotoa hukumu dhidi ya rapa Biz Markie mwaka 1991 kwa kutumia kipande bila ruhusa, kibali kimekuwa sharti katika biashara ya muziki ya Marekani. Lakini kibali hutolewa na mwenye kanda na mwenye utunzi, na aliyeshika ala mara nyingi si mmoja wao. Clyde Stubblefield, aliyempigia ngoma mwimbaji James Brown, alipiga mdundo uliokatwa na kutumiwa katika mamia ya nyimbo, lakini kwa kuwa hakuandikwa kama mtunzi, mrabaha wa matumizi hayo haukumfikia. Alifariki mwaka 2017.

Kwetu pengo hilo ni pana zaidi. Nyimbo nyingi za bendi za Tabora zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyingine zilitolewa kwenye santuri kupitia Nairobi. Prodyuza anaweza basi kupata barua halali ya mwenye kanda bila kumkuta njiani hata mmoja wa waliopiga. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua wapigaji pamoja na watunzi, ila kutambuliwa hakusaidii iwapo hakuna aliyeandika nani alipiga rithimu siku ile na nani alikuwa kwenye besi. Wanaokumbuka ni wazee wachache, baadhi yao wakiishi mitaa miwili mitatu kutoka kwa huyu huyu anayetaka kukata.

Sikubaliani na wanaotaka kanda zifungiwe zisiguswe. Kanda isiyopigwa huoza nayo pia. Nimemwambia rafiki yangu aanze na ala, yaani magita, saksafoni na tumba, na kabla ya kufungua kompyuta aende na daftari kwa wazee hao, aandike majina, akubaliane nao mgawo, na majina hayo yatangulie la kwake kwenye jalada. Sauti za waimbaji aziache kwanza, mpaka mwimbaji au watoto wake wasikie kilichokatwa na kukikubali.