Mwili wa Mwenzio Wakuhusu Nini?

Hujaketi, hata jasho la kutoka kwenye tuktuk halijakauka, ushapokewa: "Mbona umenenepa?" Ukipungua: "Waumwa?" Kwani ofisi za Malindi zimegeuka mizani ya sokoni? Chunusi zahesabiwa, kitambi chapapaswa (ndiyo, kwa mkono!) na saa mbili bado haijagonga.

Jamani, mtu hunenepa kwa dawa, kwa tezi, kwa uzazi, kwa mawazo. Hukonda kwa sukari, hukonda kwa msiba. Hilo unaloliuliza mbele ya wateja huenda ni siri yake na daktari. Kisha wasema "natania tu". Aliyetaniwa afanye nini, acheke mpaka meno yang'oke?

Na yale ya "sketi imekukaa, hebu geuka tuone" ndiyo yanayochefua kabisa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 6, yahesabu maneno ya kingono yasiyotakiwa kuwa unyanyasaji, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima atoe sera juu yake. Ya kwenu iko wapi? Ukitendewa, andika tarehe, saa, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa na aliyekuwapo, siku hiyo hiyo, kabla hayajasahaulika.

Nawe mwenye macho ya kupima watu: sema "sabalkheri", upite.