Promota simu haipatikani mpaka leo

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema matamasha ya muziki makubwa mikoani yanakufa kwa kuwa watu hawana hela ya kiingilio. Mimi niko Ujiji, Kigoma, nabisha. Julai 2021 fainali ya Simba na Yanga ilipoletwa hapa kwetu Uwanja wa Lake Tanganyika, si ulijaa? Hela walitoa wapi?

Watu wamechoka kuibiwa. Mwaka juzi nilikaa na mdogo wangu kwenye tamasha tangu saa mbili usiku, viti vimelowa umande, jenereta linazima na kuwaka. Msanii kapanda saa nane, kaimba nyimbo tatu juu ya CD, huyo kaondoka. Promota aliyeandaa, simu haipatikani mpaka leo.

Ila hata mapromota nawaonea huruma (kidogo tu). Spika na taa zinasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar, msanii anataka chake mapema, na mvua ikinyesha uwanjani imekula kwako. Zamani bendi za Tabora Jazz na Kiko Kids walikuwa na vyombo na wapigaji wao hapo hapo Tabora, hakuna wa kusubiriwa uwanja wa ndege. Bendi hata sasa zipo, zinaishia harusini. Zipangieni Jumamosi moja hapa Mwanga, Kigoma mjini, kiingilio buku tano, muone.