Linavuja Usipolitazama

Kadibodi kavu. Umelitandika jana usiku chini ya Haisi, umelala ukiomba angalau tone moja la ushahidi, umeamka saa kumi na mbili kwenye baridi hii ya Juni ya Arusha, umepiga magoti na tochi ya simu kama mtu aliyedondosha hereni ya mkewe, halafu kavu. Unafungua rejeta: robo lita ya kulanti, yaani maji ya kupozea injini, haipo. Alama uliyochora kwenye tangi la akiba haijasogea. Kapeti halijalowa. Robo lita ya kulanti haina nauli ya kupanda kifodi ikashuke Tengeru, sasa imekwenda wapi?

Tulia. Jambo hili linataka utu uzima na utaratibu.

Kwanza acha maji ya bomba. Yakivujia kwenye injini ya moto yanakauka, hutaona kitu. Kulanti ya rangi huacha ukoko wa kijani au wa pinki palepale ilipotokea, na ukoko ndio shahidi pekee atakayekubali kufika mahakamani. Nusu kulanti, nusu maji ya betri. Nasema yale ya kuongezea, si asidi, maana kuna watu. Na haya maji yetu ya Meru yenye floridi, yaliyotupaka meno rangi ya kahawia, unayapeleka kwenye rejeta ili iweje?

Klipu za kubana mipira: bisibisi, dakika tano. Asubuhi mpira umesinyaa unadondosha, ukipata moto unavimba unajiziba, unanyamaza kama mtoto aliyeulizwa nani kala sukari. Wota pampu: papasa kitundu chake cha chini, ukikuta ukoko imekwisha, usiiombee. Mabomba ya hita ya nyuma ni ya chuma, yanapita chini ya sakafu, yana umri sawa na gari. Yanaozea penye vishikizo, tone linatambaa mita nzima kabla ya kudondoka, na wewe unakaza bolti isiyo na kosa.

Sasa fundi.

Unaingia gereji, hata hujazima, fundi yuko kwenye kigoda chake anakula muhogo. Hanyanyuki.

"Mzee wangu, hiyo hedi gasketi."

"Hujafungua hata kiti."

"Nimesikia ulivyokuwa unaingia."

Masikio hayo! Hedi gasketi ni pakingi iliyobanwa chini ya kichwa cha injini, yeye kaisikia toka kigodani. Hospitali ya rufaa haina masikio kama hayo. Basi anaita chalii alete spana ya kumi na nne, chalii analeta ya kumi na mbili, anatukanwa, anarudi na koleo. Kiti kinanyanyuliwa. Chini yake injini inapumua moto, pamoja na maganda ya karanga, soksi moja, na kalamu uliyomshutumu konda kuiba. Vichwa vinne vinaingia. Mmoja anasema pampu. Mwingine anasema waya. Wa tatu ni fundi wa redio. Wa nne amekuja kuchaji simu, na ndiye anayeongea zaidi.

Kabla hujasema "subiri ipoe", mtu kashafungua kifuniko cha rejeta. Fyuuu! Mvuke mpaka kwenye bati, wote wanne wanakimbia, fundi anarudi anajipangusa muhogo usoni, na kwa heshima zote anatamka: "Umeona presha hiyo? Hedi gasketi."

Fundi wangu, presha ndiyo kazi ya kifuniko! Kimeandikwa kipimo cha presha yake, 1.1, juu kabisa, kwa herufi za kuchomoza. Hapa Arusha tuko kama mita 1,400, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95; kifuniko kizima kinayafikisha karibu 120 kabla hayajachemka. Ukiona mtu anaendesha na kifuniko kilichofungiwa mfuko wa rambo, ujue anapika.

Hasikii. Amehamia kwenye thamostati, ile valvu inayozuia kulanti mpaka injini ipate moto. Anataka kuitoa aitupe, eti hiyo ni ya nchi za baridi. Anasema hivyo amevaa makoti mawili na kofia ya sufu. Ukikataa, anakushauri uvunjie yai bichi kwenye rejeta. Yai linaziba kweli, linaziba na vile vijibomba vyembamba vya rejeta. Gari halitavuja, litachemka tu. Kisha bei ya hedi gasketi yake: laki tatu na nusu, bosi, pamoja na kusawazisha hedi, acha kianzio.

Hedi gasketi haipimwi kwa sikio jamani! Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa, tazama shingoni mwa rejeta: mapovu yakija mfululizo bila kukoma, una kesi. Mpira wa juu bado mgumu asubuhi ilhali gari limelala? Kesi. Oili imekuwa kama maziwa? Kesi kubwa. Hakuna hata kimoja? Azima pampu ya kupimia presha, jaza upepo kufikia namba ya kifuniko, injini baridi, ngoja nusu saa. Nyunyizia poda ya mtoto kwenye maungio; tone litachora mstari.

Mstari usipoonekana, rudi kwenye ile alama isiyosogea. Kulanti ikipata moto inavimba, inasukumwa kwenda tangi; ikipoa inavutwa irudi. Ule mpira mwembamba kati ya shingo na tangi ukipasuka, inatemea barabarani huko Usa River, na ikipoa inavuta hewa. Ndiyo maana kadibodi kavu. Mpira wa futi mbili, bei ya soda mbili! Na kavalvu kadogo katikati ya kifuniko kakiganda, tangi linajaa huku rejeta tupu, na wewe unatazama tangi unatabasamu.

Kadibodi likija kulowa, lizoe mapema. Kulanti ni tamu, mbwa wanailamba, ni sumu. Ila kadibodi lenyewe siku hizi shughuli. Mama wa duka hatoi bure, na ukichukua la tatu wiki hii anauliza kwa sauti, "Baba, kwani mnahama?" Hujajibu, mtaa mzima umeshajibu. Jioni mwenye nyumba huyo na daftari, anataka hesabu ya umeme, nyuma yake kijana na mchumba wake wanapima dirisha kwa mikono, wanabishana kama pazia liwe la maua au la mistari.