Kalendula Haitaki Kudekezwa

Ukishika mbegu za kalendula, mmea wa maua ya manjano na chungwa, kwa mara ya kwanza unaweza kudhani umeuziwa takataka. Zimejikunja kama kucha zilizokatwa, zina vijimiba mgongoni, na hata umbo hazilingani: hii ndoana, ile mtumbwi, nyingine kipete kidogo. Zote hutoka kwenye ua moja. Usizichambue, panda zote. Ila ukikuta vijiti vyembamba vyeusi kama sindano, hiyo ni tageti, mmea mwingine kabisa ambao watu huuchanganya na huu. Pakiti iandikwe Calendula officinalis.

Mimi huzipanda palepale zitakapokulia. Trei za miche nawaachia wenye mbegu ndogo kama vumbi. Hii unaishika kwa vidole viwili, unaifukia sentimita moja hivi, unaifunika vizuri kwa sababu giza huisaidia kuota. Udongo ukiwa na unyevu na ubaridi kiasi, nyuzi 15 hadi 20, miche hujitokeza ndani ya wiki moja au mbili.

Hapo ndipo wengi tunapoharibu, kwa huruma. Mara yangu ya kwanza miche kumi na mmoja iliota kwenye ndoo moja nami sikuthubutu kung'oa hata mmoja. Ikabanana, ikarefuka kugombania mwanga, majani yakavamiwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga. Maua niliyopata yangeenea kwenye kikombe cha kahawa. Siku hizi naacha sentimita 25 kati ya mmea na mmea, na inayozidi naing'oa bila kuitazama mara mbili.

Mbolea nayo tunaizidisha. Mboji kidogo wakati wa kupanda yatosha. Ukiongeza nitrojeni utavuna majani mazuri sana, na majani siyo uliyoyataka.

Baada ya kama miezi miwili maua yanaanza, na huruma inarudi tena: nani akate ua zuri hivyo? Kata. Ua likiachwa likakomaza mbegu, mmea hupunguza kuchanua. Mimi hupita na mkasi kila baada ya siku mbili tatu, asubuhi umande ukishakauka, na vidole hurudi vinanata utomvu.

Mwishoni mwa msimu naacha vichwa vichache vikauke, navuna mbegu na kuzitia kwenye bahasha. Zinazoniponyoka huota zenyewe pembeni mwa ndoo, na mara nyingi hunitangulia.