Msiniulize Najisikiaje, Niulizeni Nina Wagonjwa Wangapi

Jumanne iliyopita bosi wetu mpya alitandaza kadi mezani. Kadi za picha: jua, wingu, mvua, radi, na moja ya mti uliokauka. Kila mtu achague inayofanana na moyo wake leo, halafu awaeleze wenzake. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi, Leipzig, Ujerumani, kwenye nyumba ya wazee ninakouguza, nje giza totoro, na wazee 26 wanangoja kuamshwa. Mwenzenu nikaokota jua. Nikasema niko salama, namshukuru Mungu, tukaendelea.

Mchana akaniita pembeni. Kwa upole kabisa akaniambia hawanijui, natabasamu tu kila siku, hapa ninaruhusiwa kuwa mimi mwenyewe.

Nimerudi nyumbani nikaipika ile hasira pamoja na ugali. Kuwa mimi mwenyewe! Kwani aliyekuwa anatabasamu miaka yote hii ni nani?

Nyie mnaelewa. Mtu wa Iringa ukimuuliza habari anajibu nzuri, ndipo mengine yanafuata. Nzuri, ila mtoto ana homa. Nzuri tu, jana tumezika. Kule si kuficha, ni kufungua mlango. Utaingia mpaka sebuleni au utaishia barazani kulingana na wewe ni nani kwangu. Kamwene yenyewe, salamu yetu Wahehe, nikikutana na mama mtu mzima pale Ipogolo, inaweza kunichelewesha daladala mbili. Huku wanapishana koridoni, mmoja anasema nusu neno, mwenzake anaitikia nusu iliyobaki. Halafu hao hao wanataka niwaeleze radi iliyo moyoni mwangu kabla sijanywa chai.

Ila msinipigie makofi bado, maana siku ile ile mezani palikuwa na kadi nyingine. Mama mmoja wa hapa hapa, karibu anastaafu, aliokota radi. Akasema, bila kucheka wala kuomba radhi: "Leo nitaogesha wazee 4. Wa 5 siwezi, mgongo." Basi. Mimi moyo ulinidunda kwa niaba yake, nikasubiri alipuliwe. Bosi akachukua kalamu, mzee wa 5 akagawiwa kwa mwingine, hakuna aliyebetua mdomo. Saa nane mchana yule mama akachukua mkoba wake akaenda zake.

Miaka 9 iliyopita, hospitali moja mkoani Iringa, jina nalihifadhi. Mwezi wa saba, ile baridi yetu ya kupuliza vidole. Ulikuwa usiku wangu wa saba mfululizo: nesi ni mimi, mhudumu mmoja, wagonjwa 38. Juu ya sare sweta, juu ya sweta kitenge. Kwenye saa kumi alfajiri nilikuwa najaza rejista ya dawa, nikapitiwa nikiwa nimekaa, kalamu mkononi. Asubuhi metroni akafungua ule ukurasa. Mstari wa wino ulianzia kwenye jina la mgonjwa, ukateremka taratibu, ukapinda kidogo kushoto, ukaishia nje ya karatasi. Hakunigombeza. Alinipa karatasi nyeupe akasema, "Andika barua ya kujieleza, mwanangu."

Nikaandika. Nilipitiwa na usingizi, naomba radhi, halitajirudia tena, wako mtiifu katika kazi. Ukurasa mzima wa heshima, na hakuna mahali niliposema usiku wa saba. Hakuna mahali niliposema 38. Haikunijia hata kidogo kwamba hesabu ile ndiyo ilikuwa utetezi wangu. Niliona aibu ya usingizi peke yake.

Na huyo metroni msimfikirie vibaya. Alikuwa anajua mambo yangu yote. Nilipoachana na baba wa mtoto alikuja mpaka kwangu Kihesa na kuku mkononi, akakaa hadi giza likaingia. Deni langu la vikoba alilijua, alijua hata nani ndani ya ukoo hanipendi. Kitu kimoja tu hakukijua, au alikijua akanyamaza kwa sababu naye ana mkubwa wake: kwamba nimechoka.

Ndiyo maana nasema hizi nchi mbili zinanichanganya. Kwetu moyo wa mtu kila mmoja kazini anaupita kama uwanja usio na uzio, ila mzigo wake wa kazi ndio siri. Huku mzigo unatajwa kwa kilo mbele ya bosi, na moyo ndio unaotafutwa kwa kadi za picha.

Wajerumani wana karatasi moja inaitwa Überlastungsanzeige, neno refu kama basi la Tukuyu. Unaandika kwamba leo tuko wangapi, wagonjwa ni wangapi, kipi hakitafanyika, na hatari iko wapi. Unasaini, unampa mwajiri. Haisemi unajisikiaje! Nyuma yake kuna sheria yao ya usalama kazini ya 1996, inayomtaka mfanyakazi akiona hatari kubwa kazini aitoe taarifa mara moja. Yaani usipoisema ndiyo kosa. Nilipoambiwa hivyo mwaka wangu wa kwanza nilidhani nimekisikia vibaya Kijerumani. Msidhani lakini ukishaandika wauguzi wawili wanashuka na malaika; nyingine zinaishia kwenye droo, na manesi wa huku wanachoka na kuacha kazi kama wengine. Ila karatasi ipo, ina tarehe, na kesho kukitokea jambo hakuna wa kusema hakuambiwa.

Ya kwanza niliiandika huku mkono unatetemeka, nimezoea barua za kujieleza. Barua zote mbili nilimwandikia mkubwa juu ya zamu iliyonishinda. Moja niliandika kama mkosaji.

Hata kuumwa. Iringa nikipewa ED, ile ruhusa ya kuumwa, kabla sijafika getini wodi nzima inajua ninaumwa nini, maana nimetibiwa pale pale na aliyeniandikia ni jirani. Huku napiga simu, nasema siji, naumwa. Tangu Januari 2023 mwajiri anaichukua taarifa ya daktari kwa mtandao, na jina la ugonjwa halimo. Wiki 6 mshahara kamili. Kwa hiyo sheria yao yenyewe inajua kwamba kuna mambo yangu yasiyomhusu bosi. Bosi mwenye kadi ndiye hajui.

Sasa nisikieni na upande wa pili, maana najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwamba nimesahau nilikotoka.

Baba yangu alifariki mwaka juzi. Kazini walinipa siku 2 na kadi yenye ua lililokaushwa, imesainiwa na watu 14. Walikuwa na huzuni ya kweli, siwasingizii. Lakini hakuna aliyekuja kukaa. Nililala kitandani na simu, tiketi sikuipata kwa wakati, nikaangalia mazishi ya baba kwenye video ya kijana wa mjomba, inakatika katika. Na kwenye ile video nikamwona nani? Metroni. Yule yule wa barua. Ameshastaafu, amekaa kwenye mkeka pembeni ya mama yangu, kitenge begani. Manesi wa wodi yangu ya zamani walichangishana wakakodi Coaster mpaka kijijini kwetu, mbele ya Kalenga. Wamepika, wamechota maji, wamelala huko. Kwa mtu aliyeacha kazi miaka mingi nyuma! Nionyesheni Mjerumani atakayenifanyia hivyo. Nililia kwa baba, nikalia tena kwa wale.

Kwa hiyo anayesema najiona Mzungu, sikiliza: siku hiyo ningeuza Ujerumani nzima kwa nafasi moja ya kusimama kwenye ile Coaster.

Mwingine atasema, "Kazi yenyewe unaosha wazee wa watu." Ndiyo, nawaosha. Wana ngozi kama karatasi ya biskuti na wengine wananiita kwa majina ya dada zao waliokufa. Sioni aibu. Na mwingine, huyu ndiye mwenye hoja, atasema vijana wamesomea uuguzi wako mtaani, ukimwambia mkubwa umeelemewa atakuonyesha mafaili ya wanaosubiri nafasi yako. Hapo sina majibu ya kejeli. Najua. Niliogopa mafaili hayo hayo. Lakini ndugu yangu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni yetu, haikuletwa na mimi kwenye sanduku: saa 45 kwa wiki, na usiku una nyongeza yake. Ofisini kwetu nakala ilikuwepo, juu ya kabati, imekaliwa na maboksi ya glavu. Tungeishusha kusoma, nani angeanza?

Na watani zetu wasianze na ule mzaha wao wa Wahehe na hasira. Mnaujua, siurudii. Nimewapokea wodini watu waliojaribu kujiua, haunichekeshi.

Tulipelekwa semina hapa juu ya huku kuchoka na kazi wanakokuita kuungua, burnout. Kumbe aliyelipa jina hilo uzito, mwaka 1974, ni Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York aliyezaliwa Frankfurt na kuwakimbia Wanazi akiwa mtoto. Alikuwa akijitolea kwenye kliniki ya bure, akaona wenzake wenye moyo wa kazi ndio wanaozimika, naye akiwamo. Na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 likaliweka kwenye orodha yake kama jambo la kazini, halikuliita ugonjwa. Nikalipigia mstari neno "kazini". Maana kwetu mtu akifika hapo tunasema kazi imemshinda, kama vile kazi ni mpinzani wa mieleka na yeye ndiye dhaifu. Na huku nako bosi anasoma semina hiyo hiyo, anatoka na kadi za hali ya hewa. Kama ni jambo la kazini, nihesabie wazee, moyo wangu niachie. Nikitaka kukuonyesha nitakualika nyumbani, ule, halafu tuone.

Nimemwambia hivyo hivyo, Ijumaa. Kwa Kijerumani changu cha kuokoteza nilisema: nikisema zamu imenizidi, niamini, nikisema niko salama, niamini pia. Akaandika kwenye daftari. Sijui aliandika nini. Leo kadi zilikuwepo tena, nikachukua jua.

Jana jioni nimempigia mdogo wangu, nesi mahali fulani huko kwetu. Habari za kazi? "Nzuri, dada." Nikanyamaza. Nikamuuliza mko wangapi zamu hii. Kimya, nasikia kitanda cha magurudumu kinapita. "Niko mwenyewe, dada. Wako 41." Nikamsimulia ile karatasi ya huku. Akacheka, kile kicheko cha mtu anayesimuliwa theluji. Halafu akauliza, sauti chini, barua kama hiyo kwa Kiswahili ungeianzaje.

Tukaianza kwenye simu. Kumb. Na., tarehe, K.K. Muuguzi Mkuu. Tukafika YAH:, tukakwama. "Kuelemewa" akaona inasikika kama mtu anayezama. "Kuzidiwa" ni ya mgonjwa. Nikamwambia aandike namba tu. YAH: WAGONJWA 41, MUUGUZI 1. Akasema, "Dada, hiyo si barua, hiyo ni matokeo ya mpira." Tukacheka mpaka mtu akamwita kutoka wodini, akakata.