Isang Yun hakukimbia, alitekwa
Hapo mlipoandika kwamba mtunzi wa muziki Isang Yun "aliikimbia Korea Kusini" ili kukwepa udikteta wa Park Chung-hee, mtawala wa nchi hiyo, sikubaliani kabisa. Yun aliondoka mwaka 1956 kwenda kusoma muziki Paris, kisha Berlin, na Park alipindua serikali mwaka 1961. Udikteta ndio uliomfuata yeye! Juni 1967 majasusi wa Korea Kusini walimteka huko huko Berlin Magharibi, wakamrudisha kwa nguvu, akateswa na kuhukumiwa kifungo cha maisha kwa madai ya kuipelelezea Korea Kaskazini. Alikuwa amekwenda kule mwaka 1963, na mojawapo ya mambo aliyotaka kuyaona ni michoro ya kale ndani ya makaburi. Humo gerezani alimalizia opera, halafu akatunga "Images", kipande cha filimbi, oboe, fidla na selo kilichotokana na michoro ile ile. Kisikilizeni kwa utulivu: sauti moja inashikiliwa, inatetemeka, inavimba, inateleza kidogo juu kabla ya kukatika. Mimi kila nikikisikia nashindwa kuendelea na kazi. Wasanii wapatao 200, mtunzi mashuhuri Stravinsky akiwemo, walitia saini kumtetea, akaachiwa 1969. Hapo ndipo uhamisho ulipoanza, maana hakuiona tena Korea Kusini hadi kufa kwake Berlin mwaka 1995. Mabaki yake yalirudishwa Korea Kusini, katika mji wa Tongyeong kando ya bahari, mwaka 2018. Miaka 23 baadaye! Mtu wa namna hiyo tunamwitaje mkimbizi wa hiari?