Ukomo wa gharama za kampeni: nani anahesabu soda?

Mwaka 2000 Bunge la Tanzania liliirekebisha sheria ya uchaguzi na kuingiza vifungu viwili ambavyo mtaani vilipata jina moja tu: takrima. Kimoja kilisema kwamba jambo lililofanywa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kimila, halitahesabiwa kuwa rushwa. Cha pili kilisema vivyo hivyo kuhusu gharama za kawaida za kampeni. Sheria haikueleza ukarimu unakomea wapi. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vyote viwili, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mawili ya wanasheria, LEAT na NOLA, dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hoja iliyobeba shauri hilo ilikuwa usawa: ukiruhusu ukarimu, umemruhusu mwenye nazo na kumwacha asiye nazo amsindikize.

Ilichukua miaka minne kupata sheria ya kujaza nafasi hiyo. Rais Jakaya Kikwete alitia saini Sheria ya Gharama za Uchaguzi Machi 2010, na kwenye karatasi ni sheria yenye meno. Haihusu kampeni peke yake, inaanzia kwenye uteuzi ndani ya vyama. Inamtaka mgombea aeleze fedha alizo nazo na anazotarajia, kisha baada ya uchaguzi awasilishe hesabu za matumizi. Waziri ndiye aliyepewa kazi ya kutangaza ukomo, akizingatia ukubwa wa jimbo, idadi ya watu na hali ya mawasiliano, na Msajili wa Vyama vya Siasa ndiye msimamizi.

Kenya walikwenda mbali zaidi kwa maandishi lakini kwa vitendo waliishia karibu. Katiba ya 2010, Ibara ya 88, inaikabidhi tume ya uchaguzi, IEBC, jukumu la kudhibiti kiasi anachoweza kutumia mgombea au chama. Sheria ya kugharamia kampeni ikapitishwa 2013. Ulipokaribia uchaguzi wa 2017, Bunge likaisogeza mbele hadi uchaguzi upite. Agosti 2021 IEBC ikatangaza viwango vipya, mgombea urais akiruhusiwa takriban shilingi bilioni 4.4 za Kenya. Wabunge wakavikataa kwa hoja kwamba kanuni hazikupita mezani kwao kwa utaratibu. Inawezekana kabisa kwamba hoja ya utaratibu ilikuwa ya kweli. Lakini waliokuwa wakihukumu utaratibu huo ndio waliokuwa wakijiandaa kuomba kura mwaka uliofuata, na sidhani kuna mtu aliyeshangaa.

Wanaotaka ukomo wana hoja nzito, na wala si ya usawa peke yake. Mgombea aliyeuza kiwanja au kukopa kwa mfanyabiashara ili aingie bungeni anaingia na deni. Mshahara wa ubunge hauwezi kulilipa na bado ukatosha kuchangia misiba, ada na harusi ambazo wapiga kura wataendelea kumpigia simu kuzihusu. Deni hilo litalipwa kwa zabuni, kwa kibali, au kwa kunyamaza pale anapotakiwa kusema. Kwa hiyo anayenunua kura kwa noti mtaani, mara nyingi yeye mwenyewe keshanunuliwa kwa hundi mjini.

Upande wa pili nao hausemi upuuzi, ingawa mara nyingi husemewa na watu wasiofaa. Mbunge aliyepo madarakani ana jina, ana gari, amekata utepe wa zahanati, na kwa miaka kadhaa amekuwa na sauti katika mfuko wa jimbo: NG-CDF kwa Kenya, Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo kwa Tanzania. Hakuna hata senti ya hayo inayoandikwa kama gharama ya kampeni. Mgeni anayetaka kumng'oa lazima alipie kila kitu kuanzia sifuri, hata mabango ya kuwaonyesha watu sura yake. Ukiwawekea wote wawili kiasi kile kile, umeweka usawa wa mashindano ambayo mmoja alianza kukimbia miaka mitano iliyopita. Halafu kuna jiografia. Kata ya Kariakoo unaizunguka kwa miguu asubuhi moja, ilhali mgombea wa Turkana au Marsabit anateketeza mafuta mengi kabla hajamwona mpiga kura wa kwanza.

Marekani walikwenda hadi mwisho wa njia hiyo ya kukataa ukomo. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu yao iliamua kwamba kumwekea mgombea ukomo wa matumizi ni kumbana uhuru wake wa kujieleza, ingawa wachangiaji waliweza kuwekewa viwango. Januari 2010, miezi miwili tu kabla ya saini ya Kikwete, mahakama hiyo hiyo ikayafungulia makampuni mlango wa kutumia watakavyo mradi wasishirikiane na mgombea. Sioni la kuiga huko. Huku kwetu sehemu kubwa ya fedha ya kampeni hainunui maneno, inanunua uwepo wa watu.

Na hapo ndipo ninapoona mjadala wa ukomo unapotea njia. Tunabishana kuhusu jumla, wakati ugumu uko kwenye vitu vyenyewe. Fulana yenye picha ya mgombea ni tangazo. Khanga je, ambayo mama ataivaa miaka miwili baada ya picha kufifia? Maji kwa watu waliosimama juani kwa saa tatu ni utu, na nisingependa sheria inayomfunga mtu kwa chupa ya maji. Pilau ni nini? Chukua bodaboda. Mgombea analipia mafuta ya pikipiki mia mbili ziongoze msafara, na katika hesabu zake inaandikwa usafiri. Kila dereva amepewa kiasi ambacho msafara wenyewe hauwezi kukimaliza, na salio linabaki mfukoni mwake. Au mawakala: mgombea anahitaji mtu wa kumlindia kura katika kila kituo na ana haki ya kumlipa, lakini "wahamasishaji" hawana vituo na hakuna anayejua idadi yao. Ukomo wa jumla hauoni tofauti yoyote kati ya hawa. Mgombea anaweza kukaa chini ya kiwango kwa raha zake na fedha yote ikawa ya kununua watu.

Kwa maoni yangu kanuni inayogusa aina ya matumizi na muda wake ina faida kuliko tarakimu kubwa kwenye gazeti la serikali. Kenya wanayo moja: sheria ya uchaguzi ya 2011 inamkataza anayetarajia kugombea kushiriki harambee ya hadhara ndani ya miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu. Inakwepwa, ndiyo. Bahasha hupelekwa na shemeji. Lakini kila mtu kijijini anajua ni kosa, na mpinzani hahitaji mhasibu kulitambua. Kuthibitisha kwamba mtu amevuka bilioni nne kunahitaji risiti katika nchi ambazo jukwaa, spika na kikundi cha ngoma hulipwa taslimu au kwa simu ya mpwa wa mgombea.

Kitu cha pili ni uwazi, na huo una pingamizi ambalo wanaharakati hulipita haraka mno. Mfanyabiashara anayechangia upinzani hataki jina lake lisomwe hadharani. Anaogopa kesho yake atatembelewa na watu wa kodi. Ukilazimisha kila mchangiaji atajwe, aliyeko madarakani ataendelea kuchangiwa bila hofu na wengine watakaukiwa. Kwa hiyo ningetenganisha: mchangiaji mdogo aachwe na siri yake, mkubwa atajwe, na matumizi yaanikwe yote, kifungu kwa kifungu, kila wiki ya kampeni. Hesabu zinazowasilishwa baada ya mshindi kuapishwa zinamsaidia mwanahistoria tu. Mwenye kesi naye zinamfaa kidogo, kwa sababu madai ya rushwa katika kesi za uchaguzi hutakiwa kuthibitishwa bila kuacha shaka.

Kinachobaki bila dawa, hata kwa pendekezo langu, ni fedha inayotumika kabla mtu hajaitwa mgombea. Katika majimbo mengi ya Tanzania mshindi hupatikana kwenye kura za maoni za ndani ya chama, na hadi mwaka 2020 chumba cha wajumbe wachache kilikuwa rahisi kukinunua kuliko jimbo zima. Msemo wa "wajumbe si watu" uliotapakaa mwaka 2020 ulitoka kwa watia nia waliodai wameliwa fedha zao na hawakupata kura. Takukuru, taasisi ya kupambana na rushwa, huingia kipindi hicho, lakini aliyetoa pikipiki na jezi miaka miwili kabla hakuwa mtia nia bado. Alikuwa mdau wa maendeleo, na kutoa jezi si kosa.